Nimeonja bia nyeusi yenye ladha ya keki, imenirudisha kwenye msesewe wa mbege

Mwanakibosho (#1)

Wakuu, habari za wikendi. Uzi ni mrefu kidogo, anayependa habari za vinywaji avute kiti. Asiyetumia kileo naye namkaribisha, maana nusu ya ninayotaka kusema ni habari ya pua na ulimi.

Naishi Stockholm, Sweden, mwaka wa tisa sasa. Huku bia inayozidi asilimia 3.5 ya kilevi huipati kwenye duka la chakula. Inauzwa Systembolaget, maduka ya serikali. Jumamosi wanafunga saa tisa alasiri, Jumapili hawafungui, na kama hujafika miaka 20 huuziwi. Kwa hiyo kinywaji cha Jumamosi usiku unakifikiria tangu Ijumaa. Ijumaa iliyopita nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye yuko kwetu kutoka Dodoma kwa wiki tatu. Alisimama muda mrefu mbele ya rafu ya bia nyeusi. Kule kwenye rafu hiyo utadhani umeingia kwa mwoka mikate: hii ya kahawa, ile ya nazi, nyingine ya biskuti. Akaniuliza, "Shemeji, hizi ni bia au vitindamlo?"

Tukachukua chupa mbili, ya kwanza Noa Pecan Mud Cake ya Omnipollo. Sentilita 33, asilimia 11. Omnipollo ni watu wa hapahapa Stockholm, Henok Fentie anayetunga bia na Karl Grandin anayechora lebo. Wana kiwanda ndani ya lililokuwa kanisa huko Sundbyberg. Pecan ni kokwa za Marekani, zina mafuta mengi, na hiyo "mud cake" ni keki ya matope. Wasweden wanayo ya kwao wanaiita kladdkaka, keki ya chokoleti isiyotiwa hamira ya unga, kwa hiyo haiumuki na katikati inabaki inanata kama haijaiva. Kila nyumba huku wanaioka. Ahadi ya chupa ile, kwa hiyo, naijua vizuri, nimeshailamba kwenye kijiko mara nyingi.

Nakiri nilikwenda na kinyongo. Nimekulia Kibosho. Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya siku ya kwanza ni tamu, na wazee wa nyumbani kwetu hawakuihesabu. Walikuwa wanasubiri ikomae. Kichwani mwangu pombe tamu ni pombe ambayo bado.

Tuliitoa kwenye friji, tukaiacha mezani nusu saa. Watu watatu, mimi, mke wangu na shemeji, glasi ndogo za mvinyo, kila mmoja kidogo. Msicheke udogo wa chupa. Sentilita 33 kwa asilimia 11 ni mililita 36 za kilevi kitupu. Bia ya Kilimanjaro ya nusu lita, asilimia 4.5, ina 22 na nusu. Kile kichupa kinaizidi Kilimanjaro kubwa kwa zaidi ya nusu yake. Na kwa wanaoishi huku: kikomo cha kilevi damuni kwa mwendesha gari Sweden ni 0.2 kwa elfu. Ukishaionja, funguo ziache ndani.

Rangi ni nyeusi kabisa, ukiiinua kwenye taa mwanga haupiti. Povu lake la hudhurungi, kama la kahawa iliyomiminwa kwa juu, na halikai sana. Harufu ndiyo iliyonikalisha. Kwanza chokoleti, tena ile ya unga wa kakao unapofungua mkebe. Halafu kokwa zilizokaangwa. Halafu kitu nilichokitafuta kwa dakika kadhaa mpaka mke wangu akakipata: sukari iliyoanza kuungua chini ya sufuria mtu anapopika kashata. Ni hiyo hasa, ile sekunde ya mwisho kabla hujaiepua.

Mdomoni ni nzito, kama uji wa ulezi uliopoa. Inaingia tamu, inatandaza. Katikati unakuja uchungu, uchungu wa kuungua, kama masimbi ya kahawa. Mwisho joto linashuka kifuani.

Sasa ndiyo sababu ya uzi huu. Shemeji, ambaye alikuwa haiamini ile chupa, aliziba pua akanywa, kama alivyofundishwa kunywa mwarobaini akiwa mtoto. Akashusha glasi, akanyamaza, akasema: "Keki imekwenda wapi?"

Tukaziba pua wote. Jamani. Keki haipo. Chokoleti haipo, kokwa hazipo. Kinachobaki ulimini ni utamu kiasi, mdogo kuliko nilivyodhani, na uchungu mkubwa, na ule ukali wa kilevi. Ukiachia pua, keki inarudi yote kwa mara moja. Tumerudia mara nne, matokeo yaleyale.

Nikamkumbuka bibi. Bibi yangu alikuwa anapika mbege ya kuuza. Ndizi zinachemshwa, zinaachwa zichache, ulezi unaoteshwa na kusagwa, lakini siku ile muhimu kwake ilikuwa ya magome ya msesewe. Alikuwa anauonja mchemsho wake kwa ncha ya kidole, anatema, anaonja tena. Nikiwa na miaka kama tisa nilimwuliza kwa nini anatia kitu kichungu kwenye kitu kitamu. Akasema bila msesewe ile ni juisi ya ndizi tu, mtu anakunywa kata moja anaondoka.

Nilikwenda kuonja bia nikitarajia sukari, nikakuta kazi ya msesewe. Hiyo keki yote imesimama juu ya uchungu. Hoja yangu ndiyo hiyo na naitetea: stauti (bia nyeusi nzito) ya kitindamlo iliyotengenezwa vizuri ni bia chungu inayonukia tamu. Mlioonja za namna hii, leteni uzoefu.

Dogo wa Mabibo (#2)

Nipo siti ya mbele. Mkuu mbona hujaweka picha ya hilo povu?

Fundi Mitambo Munich (#3)

Mkuu Mwanakibosho, nimekusoma mpaka mwisho na umeandika vizuri, ila hapa hatutakubaliana. Mimi niko Bavaria mwaka wa kumi na nne. Huku mwaka 1516 watawala walitoa amri kwamba bia ni shayiri, hopsi (yale maua ya kutia uchungu) na maji, basi. Hamira hata haikutajwa. Leo watu bado wanaijivunia amri hiyo. Mtu anayetia vanila, sukari ya maziwa na kionjo cha keki ametengeneza kinywaji, sawa, kizuri hata, lakini asikiite bia. Kama ladha yote imo puani na imetoka kwenye kichupa cha manukato ya chakula, fundi amefanya kazi gani?

Bia nyeusi nzuri inaleta chokoleti yenyewe, kutoka kwenye kimea kilichokaangwa. Hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Mtoto wa Eastlando (#4)

Niko Nairobi. Naongeza jambo la ile nusu saa mezani. Hapa kwetu ukiitisha bia mhudumu anakuuliza, baridi ama moto? Moto maana yake ile haijawekwa kwa friji. Babangu alikunywa Guinness moto maisha yake yote na sisi vijana tulidhani ni ukale tu, ati labda walizoea wakati hakukuwa na stima. Miaka miwili iliyopita nilikaa naye nikaagiza mbili, moja baridi na moja moto, nikaonja kwa zamu. Ile baridi ilikuwa chungu na gesi. Ile moto ilikuwa na kahawa, ilikuwa na sukari guru, ilikuwa na kitu kama mkate ulioungua kidogo. Baridi hufunga harufu. Mzee alikuwa anajua.

Viwanda vidogo vipo hapa sasa, kina 254 na Bateleur, na vijana wanaonja vitu vingi. Lakini kwa bia nyeusi nilifundishwa na mzee kwa meza ya plastiki.

Mpishi wa Leeds (#5)

Habari zenu wakuu. Mimi ni wa Tanga, naishi Uingereza, na bia napika mwenyewe nyumbani. Huku ruhusa ya kupikia nyumbani bila leseni ipo tangu 1963, mradi huuzi. Nimepika hizi stauti za kitindamlo mara saba, tatu kati ya hizo nimezimwaga. Nimjibu Fundi Mitambo kwa heshima, maana swali lake la kazi ya fundi ni swali zuri.

Anza na weusi. Kwenye mapishi yangu nafaka nyeusi haifiki hata sehemu moja katika kumi. Kilo kumi za shayiri, chini ya kilo moja ndiyo iliyokaangwa mpaka ikawa kama buni nyeusi, na hiyo inatosha kuzima mwanga kwenye glasi. Ustadi huo ulipata njia mwaka 1817 pale Mwingereza Daniel Wheeler alipopewa hataza ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, nafaka zinakaangwa bila kushika moto. Kabla ya hapo bia nyeusi za London zilikuwa za hudhurungi tu. Kwa hiyo hata hiyo "chokoleti ya kimea" unayoipenda ilikuwa jambo geni siku moja, mkuu.

Sasa utamu. Hamira ya bia inakula sukari ya kimea na kutoa kilevi na gesi. Ukitia sukari ya mezani kwenye bia inayochacha, hamira inaila yote na utamu haubaki. Hapo ndipo laktosi inaingia, sukari ya maziwa. Hamira ya bia haiwezi kuivunja, kwa hiyo inabaki. Lakini laktosi yenyewe ni tamu kidogo sana, kama moja ya tano ya sukari ya kawaida au chini yake. Kazi yake kubwa ni uzito mdomoni, ule uji wa ulezi aliousema mleta uzi. Jambo hili si la vijana wa leo. Mackeson ya Hythe, kule Kent, walikuwa wanauza stauti ya maziwa tangu miaka ya 1900 mwanzoni, na akina mama wa huku walikuwa wanaambiwa inaongeza nguvu.

Na uchungu. Mleta uzi ameligusa lenyewe kwa ule mfano wa msesewe, mimi nitalisema kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa bia ambacho kwenye maji matupu kinasoma 1.000. Bia ya kawaida ikimaliza kuchacha inasoma karibu 1.010. Hizi za keki zangu zimekuwa zikimaliza 1.035 mpaka 1.040, maana kuna sukari nyingi iliyobaki. Ukiacha uzito huo bila hopsi za kutosha na bila nafaka ya kuungua, mtu anakunywa mafunda mawili anasukuma glasi. Chungu changu cha kwanza kilikuwa hivyo. Vanila ilikuwa nzuri, chokoleti nzuri, mwili mzito, na hakuna mtu aliyemaliza. Cha pili niliongeza hopsi karibu mara mbili. Mapishi yaleyale, hopsi tu. Rafiki zangu wakasema safari hii umetia chokoleti zaidi. Sikuwa nimetia hata gramu moja.

Vile viwili nilivyomwaga baadaye niwaambie, huenda kuna mtu atapona. Kimoja nilitia karanga zenyewe, zilizosagwa. Mafuta yake yakaua povu lote na baada ya miezi miwili ikanuka mafuta ya zamani. Ndiyo maana wengi wanatumia unga wa karanga uliokamuliwa mafuta, au kionjo. Omnipollo na Buxton, kiwanda cha huku Uingereza, waliwahi kutoa stauti ya biskuti ya siagi ya karanga, Yellow Belly, ambayo haikuwa na biskuti, wala siagi, wala karanga, na hilo walilitangaza wazi. Kingine nilitia vipande vya keki halisi kwenye pipa. Keki ina wanga na sukari. Nikaweka kwenye chupa mapema, kabatini, kwenye joto. Hamira ikaendelea kula. Chupa nne zilipasuka usiku mmoja, kioo mpaka kwenye viatu. Mtu yeyote asifanye hivyo, kioo kinaweza kutoa jicho.

Kwa hiyo kionjo ni mkono wa mwisho tu, Fundi. Chini yake kuna kazi nyingi, na isipofanyika kionjo hakiokoi kitu.

Fundi Mitambo Munich (#6)

Mpishi, nimekuelewa, na hiyo ya hopsi mara mbili sikuijua. Nabaki na msimamo wangu kuhusu jina. Ila naondoa neno nililosema kwamba fundi hakufanya kazi.

Mama Muleba (#7)

Jamani naomba niingie, mimi bia sinywi lakini vanila nalima, huku Kagera.

Mmeitaja vanila kama kitu cha kutia tu. Ua la vanila linafunguka asubuhi moja. Ukichelewa, jioni limenyauka, na tumba, yaani lile ganda la vanila, halipo. Huku hakuna mdudu wa kulifanyia kazi, kwa hiyo tunaingia shambani alfajiri na mwiba au kijiti chembamba, unafungua ua, unainua kile kiutando kidogo, unabonyeza unga wa kiume ukutane na sehemu ya kike. Ua moja moja. Njia hii aliigundua kijana mtumwa kisiwani Réunion mwaka 1841, Edmond Albius, alikuwa na miaka 12. Mpaka leo dunia nzima inafuata mkono wa mtoto yule. Kisha tumba linakaa kwenye mti miezi kama tisa, wezi wakilitamani muda wote. Jirani zetu Uganda wana tatizo hilohilo, serikali yao ikaanza kutangaza siku za kuvuna ili watu wasivune mabichi. Likivunwa halinuki kitu. Ni kulichovya maji ya moto, kulifunika litoe jasho, kulianika, kulirudisha, wiki hata miezi, ndipo harufu inatoka.

Na niwaambie jambo litakalompendeza mleta uzi. Tafuna vanila, ni chungu. Utamu huusikii ulimini. Wanunuzi wananusa tu, lakini sisi tumeshaitafuna.

Mwanakibosho (#8)

Mama Muleba, shikamoo. Nimekusoma mara mbili nikamwita mke wangu asome. Sikujua kwamba vanila yenyewe ni chungu. Basi hata ile harufu tamu kuliko zote asili yake chungu. Nimekwenda jikoni kuhakikisha kwa ile ya maji tunayotia kwenye keki, tone moja ulimini huku nimeziba pua. Uchungu na kilevi tu.

Nesi Mstaafu (#9)

Nawasalimu. Nina la afya na nitalisema kwa ufupi maana naona hakuna aliyeligusa vizuri.

Hiyo laktosi anayoisema Mpishi, watu wazima wengi duniani tumbo lao haliivunji vizuri, na sisi Waafrika wa jamii za wakulima tumo. Jamii za wafugaji ni tofauti. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, yaliyotokea mbali na yale ya Wazungu. Kwa hiyo mkishare chupa moja, Mmasai huenda akalala salama na Mhaya akaamka usiku ana gesi na tumbo linakata, akadhani bia imeharibika. Soma lebo. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya maziwa na kokwa ni lazima yaandikwe. Mwenye mzio wa kokwa asidanganywe na neno "kionjo", asome mpaka mwisho. Na mwenye kisukari ajue kwamba kwenye 1.040 ya Mpishi kuna sukari ya kweli, hata kama pua ndiyo inayosikia keki.

Dogo wa Mabibo (#10)

Asante nesi. Hii ya gesi imenipata na nilikuwa nalaumu mishikaki.

Mkaa Chicago (#11)

Wakuu, nami niko kwenye mji wa hizi stauti nzito. Goose Island ya hapa ndiyo iliyozipa umaarufu zile za kulazwa kwenye mapipa ya bourbon (wiski ya Marekani), miaka ya 1990, Bourbon County wanaiita. Tangu 2011 kampuni ni mali ya Anheuser-Busch, lakini bado kila Ijumaa baada ya sikukuu ya Shukrani watu wanapanga foleni kwenye baridi kuisubiri ya mwaka huo. Nimesimama foleni hiyo mara moja, nyuzi chini ya sifuri, nikapata moja.

Nataka kumwongezea Fundi wa Munich kitu. Sheria ya Marekani inasema bourbon ilazwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa bourbon nyingine. Kwa hiyo mapipa yaliyotumika ni mengi, na wapika bia wanayachukua. Mwaloni ule uliochomwa unatoa vanilini, ileile inayonukia kwenye tumba la Mama Muleba. Ukiweka stauti chungu yenye hopsi na kimea tu humo kwa miezi, inatoka inanukia vanila, nazi na sukari ya kuungua, na hakuna mtu aliyetia kionjo. Je, hiyo Munich wataikubali?

Inafika asilimia 14 hivi lakini. Ya kunywa wanne.

Fundi Mitambo Munich (#12)

Hiyo naikubali kwa mikono miwili. Pipa ni chombo, si kiungo.

Mpishi wa Leeds (#13)

Mkuu, kwa kweli pipa linalotoa ladha ni kiungo kilichopindwa na kufungwa pete za chuma. Lakini nimefurahi umekubali.

Bint Malindi (#14)

Asalaam aleikum. Mimi situmii na sitatumia, ni imani yangu, ila Mwanakibosho alisema tunakaribishwa na nimevutiwa na hii habari ya utamu na uchungu. Natoka Unguja, Malindi, na sasa niko Maskati na mume wangu.

Hiki mnachokieleza kwetu tunakikalia kila siku. Halua ya Unguja na hii ya hapa Omani ni ndugu, sukari, samli, iliki, zafarani, inasongwa masaa juu ya moto mpaka mkono unauma. Halua peke yake, vijiko viwili koo limeziba. Hakuna anayeila peke yake. Inaletwa na kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kisicho mkono, isiyotiwa sukari, na mtu akitia sukari kwenye kahawa hiyo wazee wanamtazama. Unatia halua, unapiga funda, ulimi unasafika, unarudi kwenye halua kama ndiyo mara ya kwanza. Baba yangu barazani alikuwa hasemi "nimekula halua", anasema "nimekunywa kahawa", halua ilikuwa imo ndani ya neno. Hao wenzenu wa bia wamemimina vyote viwili katika glasi moja, nimeelewa hivyo.

Na lile jambo la pua tumejaribu na watoto kwa halua. Iliki na zafarani zimepotea, umebaki utamu mtupu unaochosha. Mwanangu wa miaka sita amekataa kuachia pua mpaka amalize kipande.

Mwanakibosho (#15)

Waaleikum salaam dada. "Wamemimina vyote viwili katika glasi moja." Nimekaa na chupa tupu mbele yangu siku mbili natafuta sentensi hiyo. Asante sana, na mumeo na watoto wasalimie.

Niongeze jambo moja ambalo sikuliandika mwanzo. Glasi ya kwanza na ya mwisho hazikuwa kinywaji kimoja. Ilipokuwa bado na ubaridi, chokoleti ndiyo ilikuwa juu na uchungu mkali. Baada ya kama dakika arobaini, ikiwa imefika joto la chumba, kokwa zilipanda, kilevi kikaanza kusikika puani, na utamu ukazidi. Kwangu mimi katikati ndipo palipokuwa pazuri, pale glasi haikuwa baridi mkononi wala haikuwa ya moto. Mtoto wa Eastlando, mwambie mzee yuko sahihi, ila kwa bia ya asilimia 11 "moto" kabisa inapita kidogo.

Chupa ya pili, ya kiwanda kingine nisichokitaja, tuliionja Jumapili. Ilikuwa ya nazi. Harufu kama umefungua kopo la mafuta ya kujipaka, na ulimini hakuna uchungu hata wa kutafuta. Mke wangu aliacha baada ya funda la pili, mimi la tatu. Bibi angesema hawakutia msesewe.

Shemeji Yenyewe (#16)

Wakuu, mimi ndiye shemeji aliyetajwa. Nimerudi Dodoma juzi. Pecan na keki ya matope huku hakuna, nikasema nijaribu kwa kilichopo. Nimenunua Castle Milk Stout mbili na kipande cha chokoleti ya kakao ya Kyela, ile nyeusi isiyo na maziwa, niliyopewa na mfanyakazi mwenzangu wa kule. Nimeita jirani zangu wawili, mzee mmoja Mgogo na kijana wa chuo.

Bia moja kwenye friji, moja mezani. Pua wazi, pua imezibwa, kwa zamu, tukaandika kwenye karatasi. Ya baridi wote watatu tumeandika "chungu". Ya mezani mzee kaandika "kahawa ya maziwa", kijana kaandika "mkate", mimi nimeandika "kashata iliyoungua". Tukiziba pua hakuna aliyeandika zaidi ya chungu na tamu kidogo. Halafu tukaweka chokoleti mdomoni kwanza, bia juu yake. Hapo bia imekuwa tamu zaidi na chokoleti imekuwa laini, wote tumekubaliana, ingawa chokoleti ile peke yake ni chungu sana.

Mzee ameniuliza kama kuna mtu huku anayeweza kutia kakao ya Kyela ndani ya chungu chenyewe tangu mwanzo, pamoja na vanila ya Mama Muleba. Nimemwambia nitauliza kwenye uzi. Mpishi wa Leeds, kwa lita ishirini ingehitaji kakao kiasi gani?

Mpishi wa Leeds (#17)

Shemeji, kwa lita ishirini mimi hutia gramu 200 za punje za kakao zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa, si unga wala chokoleti yenye siagi yake, baada ya kuchacha kuisha kabisa. Siku tano mpaka saba, unaonja kila siku. Vanila tumba mbili, yapasue katikati. Na hopsi usipunguze. Mama Muleba, tumba zako mtu wa Leeds anazipataje?

Mama Muleba (#18)

Tunavuna kati ya Juni na Julai, mwanangu. Ya mwaka jana yameisha. Nitumie ujumbe wa pembeni, nitakutengea ya safari hii.